Barabara za katikati ya mji: Dar es Salaam na Kigali zinavyomlinda mwenda kwa miguu

Kila mwaka watu wapatao milioni 1.19 hupoteza maisha katika ajali za barabarani duniani, kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023. Kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna sababu ya kifo inayozidi hiyo. Katika miji ya Afrika Mashariki, ambako wakazi wengi hufika sokoni, shuleni na kazini kwa miguu, upangaji wa barabara ni suala la uhai kabla ya kuwa suala la foleni za magari.

Kwa muda mrefu jibu lililozoeleka lilikuwa kumwonya mwenda kwa miguu: atazame pande zote, asikimbie, asivuke ovyo. Wataalamu wa usalama barabarani hawayapingi maonyo hayo, ila wanasema hayatoshi. Binadamu hukosea, na mtoto hukosea zaidi. Barabara iliyopangwa vyema ni ile ambayo kosa dogo haligeuki kuwa msiba.

Mwendo ndio kiini

Dereva huhitaji takriban sekunde moja kutambua hatari na kukanyaga breki. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 ndani ya sekunde hiyo. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa, barabara ikiwa kavu na breki zikiwa nzima, huwa limekwishasimama kabisa katika umbali kama huo. Pale ambapo dereva wa kwanza ndipo anaanza kufunga breki, wa pili amesimama, na mtoto aliyekatiza mbele yake yu hai.

Hiyo ndiyo sababu Azimio la Stockholm la Februari 2020 liliyahimiza mataifa kuweka kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na watu huchangamana. Hata hivyo, kibao peke yake hakimzuii dereva mwenye haraka. Kinachomzuia ni umbo la barabara yenyewe: tuta, kivuko kilichoinuliwa, njia iliyopunguzwa upana, au kona iliyobanwa ili gari lipinde taratibu.

Dar es Salaam: kazi huanza kwa kuuliza

Nchini Tanzania, shirika la Amend limeonyesha kwamba maboresho ya namna hiyo hayahitaji fedha nyingi. Mpango wake, unaojulikana kwa kifupi kama SARSAI, huanza kwa kutambua shule ambazo wanafunzi wake hugongwa mara nyingi zaidi. Kisha wataalamu huzungumza na walimu na wakazi, hupima mwendo wa magari, na hutazama watoto wanapita wapi hasa, si wapi walipaswa kupita.

Baada ya hapo ndipo hujengwa kinachohitajika: njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko vyenye alama za pundamilia, na nguzo fupi za kuzuia magari yasipande njia za watu. Mahali pengine lango la shule huhamishwa kutoka barabara kuu hadi uchochoro wenye utulivu. Utafiti uliolinganisha maeneo yaliyoboreshwa jijini Dar es Salaam na yale ambayo bado hayajaguswa ulionyesha kuwa kiwango cha watoto kujeruhiwa kilipungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulitunukiwa tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI.

Kigali: kufunga barabara ni nusu ya kazi

Nchini Rwanda, mamlaka ya Jiji la Kigali iliifunga kwa magari sehemu ya barabara ya KN 4, katikati ya jiji, mnamo mwaka 2015. Wenda kwa miguu walipata nafasi, lakini wafanyabiashara walilalamika kwamba wateja wenye magari wamepungua. Kwa miaka kadhaa eneo hilo lilibaki bila vivutio vya kumfanya mpita njia aketi na kukaa.

Baadaye liliwekewa viti, miti, njia ya baiskeli na mahali pa watoto kuchezea, na tangu mwaka 2022 linajulikana kwa jina la Imbuga City Walk. Neno imbuga kwa Kinyarwanda ni uwanja wa mbele ya nyumba, mahali ambapo jamaa na wageni hukutana. Funzo lake ni kwamba kuondoa magari hakutoshi. Mpango unapaswa kusema tangu mwanzo watu watafanya nini hapo, magari yatapita wapi, bidhaa zitashushwa wapi na saa ngapi.

Suala hilo linaihusu Bujumbura pia. Mwezi Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya jiji, na ajali zilitajwa miongoni mwa sababu. Anayeshuka kwenye baiskeli hugeuka kuwa mwenda kwa miguu, naye huhitaji njia salama ya kupita.

Hatua za kuzingatia

Mipango iliyofaulu hufuata hatua zinazofanana. Kwanza huhesabiwa watu wote wanaotumia barabara, si magari pekee, na hubainishwa mahali ajali zinapotokea. Pili, wachuuzi, madereva, wazazi na watu wenye ulemavu husikilizwa kabla ramani haijachorwa. Mchuuzi anayeondolewa bila kupewa mahali pengine hurudi, na njia ya watu huziba upya. Tatu, mabadiliko hujaribiwa kwa rangi na vizuizi vya muda, kisha matokeo hupimwa kabla ya kumwaga zege.

Hatua ya mwisho husahaulika mara nyingi, nayo ni matunzo. Alama za pundamilia hufutika kwa jua, mvua na magurudumu, na kivuko ambacho dereva hakioni humdanganya anayevuka kwamba yuko salama. Kwa hiyo bajeti ya barabara inapaswa kuwa na fungu la rangi na ukarabati wa kila mwaka, hata baada ya sherehe ya uzinduzi kwisha.