Anayemshika Mzee Mkono

Mmisionari Johannes Rebmann aliishi Rabai, kwenye vilima nyuma ya Mombasa, tangu 1846 hadi 1875, na miaka yake ya mwisho huko alikuwa kipofu. Vitabu vya shule humtaja kwa sababu ya theluji ya Kilimanjaro aliyoiona mwaka 1848. Mimi humtaja kwa sababu ya Isaac Nyondo, kijana wa Rabai aliyemwongoza kwa mkono na kupanda naye meli hadi Ulaya. Ofisi ya misheni ilikuwa London. Aliyekuwa naye chumbani ni Nyondo. Rebmann alifariki Korntal, Ujerumani, mwaka 1876.

Ninafundisha watu wanaotunza wazee majumbani, na kisa hicho hunifaa kuliko hotuba. Tukisema kulea imani ya mzee, wengi huwaza padri au mchungaji anayepita na Komunyo mara moja kwa mwezi. Ziara hiyo ni njema, lakini ni ya nusu saa. Saa zilizobaki mzee yuko na dada anayempa uji, dawa, na kumpeleka msalani. Imani yake itashiba au itakauka mikononi mwa huyo dada, ambaye parokia nyingi hata jina lake hazilijui.

Kisiwani Mombasa hali ni hiyohiyo Tudor, Ganjoni au Mji wa Kale. Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu na lile la Kianglikana la Memorial yako eneo la barabara ya Nkrumah, si mbali na Fort Jesus. Lakini kwa mtu wa miaka themanini na magoti mabovu, anayekaa ghorofa ya pili juu ya ngazi nyembamba za mbao, ni kama yako Nairobi.

Kwa hiyo mtunzaji afanye nini? Aanze na sikio. Usikivu wa uzeeni kwa kawaida hupotea kwanza kwenye sauti nyembamba, na mtu akipiga kelele sauti yake huzidi kuwa nyembamba. Zima feni, kaa mbele yake akuone midomo, sema kwa sauti nzito na ya polepole. Kisha chagua saa moja isiyobadilika, aghalabu asubuhi akili ikiwa bado safi. Dakika kumi kila siku ni bora kuliko ibada ya saa mbili kila mwisho wa mwezi.

Soma Biblia aliyoizoea. Kwa wazee wengi wa pwani hiyo ni ile ya Union Version ya 1952. Aliyekariri Zaburi ya 23 humo, ukimsomea tafsiri mpya husita kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Kwa wenye maradhi ya kusahau jambo hili lina uzito zaidi, kwa maana nyimbo na sala za utotoni huwa miongoni mwa mambo ya mwisho kutoweka. Nimemwona bibi wa Kitaita asiyemtambua mwanawe akiimba beti zote za wimbo wa Kianglikana kwa Kitaita, bila kukosea. Dada aliyemtunza alikuwa Mkamba, hakuelewa neno. Wajukuu walirekodi nyimbo sita kwenye simu, na shida ikaisha. Usimfanyie mtihani: kumuuliza mzee wa namna hiyo kama anakumbuka alibatizwa lini ni kumwaibisha bure.

Na dada akiwa Muislamu? Mombasa hilo ni jambo la kawaida, na hakuna anayemtaka aongoze sala. Ajue tu rozari iko droo gani na redio iwekwe stesheni ipi. Kibokoni namfahamu binti anayemtunza mama Mkatoliki wa asili ya Goa. Sala ya Malaika wa Bwana husaliwa saa sita mchana, na adhana ya adhuhuri hufuata si muda mrefu. Binti humpa mama rozari mkononi, humwacha akisali kwa Kikonkani, naye akisikia adhana huenda kuswali. Hakuna kamati iliyoupanga mpango huo.

Kuna mambo ya kanisa ambayo watunzaji hawaambiwi. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 919 inawaruhusu wazee na wagonjwa kupokea Komunyo hata kama wamekula muda mfupi uliopita, na ruhusa hiyo inawahusu pia wanaowatunza. Sheria ya kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu humwachilia mtu anapoingia mwaka wake wa sitini; mgonjwa wa kisukari anayekataa chakula siku hizo aambiwe hivyo na padri, maana dada hatamsikiliza. Mpako wa wagonjwa nao si tangazo la kifo. Mzee aliyedhoofika anaweza kuupokea hata bila ugonjwa mkubwa, na kuurudia hali ikizidi. Kwa asiyeweza kumeza vizuri, chembe ya hostia na maji inatosha.

Sina subira na wahubiri wanaopiga simu kwa wazee wakidai "mbegu". Ruzuku ya serikali kwa wazee, Inua Jamii, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Mzee akitaka kutoa sadaka yake, na wengi wanataka sana, mpe sarafu mkononi aitoe mwenyewe. Namba ya siri ya simu ibaki kwa mtu wa familia anayeaminika.

Afadhali kanisa limpe mzee kazi. Rebmann kipofu aliacha nyuma yake kamusi ya Kinyanja iliyochapwa 1877. Mzee wa leo apewe majina ya watoto wa kipaimara awaombee, na watoto hao waje kumjulisha mitihani ilikwendaje.

Linalobaki ni Jumapili ya dada mwenyewe. Akiwa Mkristo, mara nyingi ndiye wa kwanza kuacha kwenda kanisani, kwa sababu mzee hawezi kuachwa peke yake. Jumuiya ndogondogo zina watu wa kutosha kukaa zamu ya saa tatu. Wanachohitaji ni karatasi yenye majina na tarehe, ibandikwe mlangoni mwa jikoni.