Tusizike mapishi pamoja na bibi zetu

Muulize mama yeyote wa Kiswahili, kuanzia Vanga hadi Kiunga, wali wa nazi hutiwa chumvi kiasi gani. Jibu ni moja: "Kadiri yake." Muulize tui liwe zito vipi, atakwambia utaliona mwenyewe. Na wali upaliwe kwa muda gani? Mpaka uive. Kijana aliyezoea kutafuta kila kitu kwenye simu huondoka akidhani amenyimwa siri. Hakunyimwa kitu. Amejibiwa kwa njia ile ile ambayo mapishi yetu yamekuwa yakisomeshwa miaka na miaka: unasimama kando ya anayejua, leo na kesho na kesho kutwa, mpaka mkono wako uzoee.

Njia hiyo ina faida yake, na ina hatari yake. Faida ni kwamba haiwezekani bila ya watu wawili wa umri mbalimbali kukaa pamoja. Hatari ni kwamba haina nakala. Akifariki mwenye ujuzi bila kuacha aliyemrithi, hakuna kabati la kufungua wala daftari la kupekua. Nataka kueleza hapa ni nini hasa kinachopita kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu wanapopika pamoja, kwa nini siku hizi kinakatika njiani, na tufanye nini.

Tuchukue huo wali wa nazi, maana hakuna nyumba ya Pwani isiyoujua. Nazi huchaguliwa iliyokomaa, ikatikiswa sikioni kusikiliza maji yake. Huvunjwa, ikakunwa kwa mbuzi, kisha ikakamuliwa kwa kifumbu. Mkamuo wa kwanza hutoa tui zito. Mikamuo inayofuata, baada ya kuongezwa maji, hutoa tui jepesi. Mchele huanza kuchemka katika tui jepesi, na tui zito hutiwa mwisho, maji yanapokaribia kukauka. Hapo sufuria hufunikwa, moto wa chini hupunguzwa, na makaa huwekwa juu ya kifuniko. Huko ndiko kupalia.

Kila hatua ina sababu yake. Tui zito likiachwa lichemke bila kukorogwa hukatika: mafuta hujitenga na maji, mchuzi ukaharibika sura na ladha. Ndiyo maana mpishi wa kuku wa nazi hauweki upawa chini. Makaa ya juu nayo huukausha wali taratibu, ukaiva juu na chini bila kuungua. Kinachobaki kimeshika chini ya sufuria ni ukoko, na sote tunajua vita vilivyopiganwa na watoto kwa sababu yake.

Mtoto aliyekalia mbuzi akakuna nazi hajifunzi kupika tu. Anajifunza subira, kwa sababu tui halina njia ya mkato. Anajifunza kutotupa ovyo: machicha huenda kwa kuku, kifuu huwashia moto au hutengenezewa upawa, makumbi husokotwa kamba. Na anajifunza lugha. Mbuzi, kifumbu, machicha, kifuu, kupalia: maneno haya hayafundishwi darasani kwa namna ya kukaa kichwani. Hukaa kwa sababu mtu alikuambia "niletee kifumbu" na ukaenda kukileta. Leo mtoto wa mjini ukimtuma mbuzi, huenda akatoka nje kumtafuta mwenye pembe.

Hata vipimo vyetu vilikuwa vya jikoni. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Wanafunzi huandika katika insha kwamba haba na haba hujaza kibaba, na wengi wao kibaba chenyewe hawajakiona. Pishi imesalimika kidogo kwa sababu ya zaka ya fitri. Kila mwisho wa Ramadhani, mkuu wa nyumba huhesabu watu wake na kutoa pishi ya chakula kwa kila mmoja, na watoto husikia neno hilo likitajwa. Hapo utaona jambo muhimu: kinachotumika hudumu. Kipimo kilichobaki na kazi kimebaki na jina.

Kisha kuna historia iliyomo ndani ya sinia. Biriani na sambusa ni majina yenye asili ya Kiajemi. Chapati ilitoka Bara Hindi. Muhogo na mahindi asili yake ni Amerika, na vilienea upande huu baada ya Wareno kuja. Merikebu za Vasco da Gama zilifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu. Mtama na mawele yalikuwa yakiliwa Afrika kabla ya wote hao. Mtoto anayekula muhogo wa nazi kwa futari, na sambusa pembeni, ameketi mbele ya mabara matatu bila kujua.

Lakini wageni walileta vitu, na kuna aliyevigeuza vikawa vyetu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu wa zamani waliozikwa katika miji ya Waswahili, ikiwemo Manda, Mtwapa na Kilwa. Watafiti walikuta mchanganyiko wa asili ya Afrika na ya Asia, hasa Uajemi, ulioanza kiasi cha miaka 1000 iliyopita. Upande wa Asia ulitoka zaidi kwa wanaume, na upande wa Afrika zaidi kwa wanawake. Kwa hivyo mama mwenye jiko alikuwa mwenyeji. Mimi nalisoma hivi: mchele na viungo vilipofika kwa jahazi, vilipokelewa na mwanamke mwenye chungu chake na lugha yake, naye akavifundisha kuishi hapa. Binti yake aliyaona, akayachukua, akampa wake. Sisi ni mwisho wa mnyororo huo, kwa sasa.

Nasema kwa sasa kwa sababu mnyororo umeanza kulegea. Binti yuko shuleni mpaka jioni, kisha ana kazi za nyumbani za mwalimu. Mama yuko kazini. Vijana wetu wako Nairobi, Doha, Muscat. Minazi mingi imekatwa kwa mbao, na tui la pakiti liko dukani. Shughuli ikija, chakula huagizwa. Sina ugomvi na blenda wala na tui la pakiti, na anayemwambia mama aliyechoka arudi kwenye mbuzi akalie yeye kwanza. Tatizo ni kwamba kazi ilipoondoka, lile darasa lililokuwa ndani yake liliondoka nalo, na hatukuweka jingine mahali pake.

Hasara yake naijua kwa jina. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na achari ya ndimu ambayo majirani walikuwa wakituma watoto kuja kuiomba. Alipofariki, shangazi zangu watatu walijaribu kuitengeneza. Mmoja alikumbuka siku za kuianika, wa pili alikumbuka viungo, wa tatu aliapa kwamba siri ilikuwa siki. Kila mmoja alikuwa na kipande, na vipande havikuungana. Mpaka leo twala achari nzuri siku ya Idd, lakini ya bibi hatujaionja tena.

Kwa hivyo mamangu, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kukalia mbuzi, tumeanza naye mapema. Tulimwekea mizani jikoni. Hatukumwuliza ngapi, tulimwacha achukue kwa mkono wake kama kawaida, na kabla ya kumimina sufuriani tukapima. "Kadiri yake" ya chumvi kwa kilo moja ya mchele ikawa vijiko viwili vya chai. Alicheka sana, maana hata yeye alikuwa hajui.

Vipimo vyenyewe, hata hivyo, havikutosha. Mpwa wangu aliyeko Doha alifuata kila kitu akapata wali mzito kama bumunda. Alipompigia simu, mamangu aliuliza tui lilikuwa la namna gani. La mkebe, zito lote. "Basi mwanangu, hilo lote ni tui la kwanza. Litenge kidogo la mwisho, hilo jingine lipunguze kwa maji ndiyo uanzie." Siku ya pili wali ulichambuka. Hicho ndicho kitu cha kurithisha. Mwenye vipimo pekee hukwama vitu vikibadilika. Mwenye kujua sababu hupika popote alipo.

Kutokana na hayo, nina mambo manne ya kupendekeza. Kwanza, pima mkono wa mpishi wenu, si kumbukumbu yake. Pili, kila hatua muulize kwa nini, na umuulize kikikosekana hiki atatia nini. Tatu, mrekodi sauti yake akipika, maana maneno yake ni sehemu ya chakula. Nne, mshirikishe mtoto, wa kike na wa kiume. Wapishi wa biriani kwenye harusi zetu wengi ni wanaume, kwa hivyo sioni sababu ya kumfukuza mvulana jikoni.

Wengine watasema haya ni mambo madogo. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya kienyeji kuwa mfano bora wa kulinda urithi. Nafurahi kwayo. Lakini hakuna shirika litakalokuja kupima konzi ya mamako. Mji Mkongwe wa Lamu una watu wa kuulinda tangu uingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Jiko lenu lina nyinyi tu.

Jiulize jambo moja leo: ni chakula gani nyumbani kwenu kinachojulikana na mtu mmoja peke yake? Ukishakipata, mwombe mtu huyo akipike Ijumaa hii, na wewe ufike mapema, kabla nazi haijavunjwa.