Mabingwa Wawili na Tezi ya Shingoni

Tarehe 2 Oktoba 1980, mjini Las Vegas, Muhammad Ali alipanda ulingoni kupambana na Larry Holmes. Alikuwa na umri wa miaka 38, na waliomtazama walishangaa. Kitambi kilikuwa kimeyeyuka, kiuno kimeingia ndani, na mizani ilisoma karibu kilo 99, uzito ambao hakuwa ameufikia tangu alipomwangusha George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974. Kengele ilipolia ikaonekana kuwa ndani ya umbo lile zuri hamkuwa na nguvu. Ali hakuweza kurusha ngumi za maana wala kukimbia. Raundi ya 10 ilipokwisha, mkufunzi wake Angelo Dundee alisema basi. Katika maisha yake yote ya ndondi, hilo ndilo pambano pekee lililokatishwa Ali akiwa amezidiwa.

Baadaye ilijulikana kwamba kabla ya pambano alikuwa akimeza vidonge vya homoni ya tezi, alivyoandikiwa na daktari aliyeamini kuwa tezi yake imelegea. Tena alizidisha kiasi. Kilo zilipungua kweli, lakini misuli na pumzi vilipungua pamoja nazo.

Kisa hicho kinastahili kukumbukwa kila mtu anaposema, "Mimi unene wangu ni wa homoni, natafuta dawa." Huenda anasema kweli. Kuna watu wengi, hasa wanawake, ambao tezi zao zimechoka na ambao wanahitaji dawa hiyo ili waishi vizuri. Lakini dawa yenyewe haikutengenezwa kuyeyusha mafuta, na anayeitumia kwa nia hiyo anajiumiza.

Tezi inayozungumziwa ni tezi dundumio, ambayo hospitalini wengi huiita thairoidi. Ina umbo la kipepeo na imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni mbili, T4 na T3, zinazouambia moyo upige kwa kasi gani, utumbo usage chakula kwa kasi gani, na misuli itumie nguvu kiasi gani. Zikipungua, kila kitu hupunguza mwendo. Mtu huhisi baridi wenzake wakitoa jasho. Ngozi hukauka, nywele hukatika, choo kinakuwa kigumu, hedhi huvurugika, uso huvimba asubuhi, na usingizi wa saa 9 haumwondolei uchovu. Mama aliyejifungua miezi michache iliyopita anaweza kuyapata haya yote akaambiwa ni uchovu wa kulea, kumbe tezi yake imeshambuliwa baada ya uzazi. Kipimo cha damu cha TSH hutoa jibu: tezi ikilegea, ubongo hupaza sauti kuiamsha, na TSH hupanda.

Chanzo si kimoja. Mwaka 1912 daktari mpasuaji wa Japani, Hakaru Hashimoto, alieleza ugonjwa aliouona kwenye tezi za wanawake wanne. Leo tunajua kuwa katika ugonjwa huo kinga ya mwili huigeukia tezi na kuila polepole, na ndio chanzo kikuu cha tezi kulegea mahali ambapo watu wanapata iodini (madini joto) ya kutosha. Kwingineko tatizo ni iodini yenyewe. Kwenye kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, watafiti kutoka Ubelgiji walikuta katika miaka ya 1960 kuwa rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo shingoni, limeenea zaidi kaskazini kuliko kusini-magharibi, ingawa iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Tofauti hiyo ilionekana kutokana na mihogo, ambayo isipoandaliwa vizuri huacha kemikali inayoizuia tezi kunyonya iodini kidogo iliyopo. Chumvi yenye madini joto, inayotakiwa na sheria Kenya na Tanzania, imeokoa shingo nyingi.

Sasa, kilo.

Tezi iliyolegea huongeza uzito, lakini pungufu ya vile watu wanavyofikiri. Wataalamu wa Marekani wa tezi hukadiria kuwa kilo zinazotokana na tezi yenyewe ni kama 2 hadi 5, na sehemu kubwa yake ni chumvi na maji yaliyonaswa mwilini. Watafiti wa Denmark walithibitisha jambo hilo mwaka 2011. Waliwapima wagonjwa kabla ya dawa na baada yake, wakaona kuwa walipungua kilo 4 na kitu kwa wastani, na karibu zote zilikuwa maji. Mafuta hayakubadilika. Habari hii huwavunja moyo wengi mwanzoni, lakini ina faida yake. Mtu aliyeongezeka kilo 20 akajua kuwa tezi imechangia 4, anajua pia kwamba 16 zilizobaki ziko mikononi mwake, na hatazisubiri zitoweke kwa kidonge.

Wasioikubali hesabu hiyo huangukia kwa wauzaji wa vidonge. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 10 zilizokuwa zikiuzwa bila cheti cha daktari kama virutubisho vya kusaidia tezi, wakakuta 9 zina homoni ya T3 ndani yake. Homoni ikizidi, moyo hudunda ovyo, mifupa hupoteza madini na misuli huliwa pamoja na mafuta. Vidonge vyenye iodini nyingi, vikiwemo vya mwani, navyo vinaweza kuizidishia maradhi tezi ambayo tayari inashambuliwa.

Miaka 16 baada ya Ali, bingwa mwingine wa Marekani alimeza homoni ya tezi, safari hii kwa sababu mwili wake uliihitaji. Carl Lewis aligunduliwa kuwa tezi yake imelegea mwaka 1996, miezi michache kabla ya Olimpiki ya Atlanta. Akaanza matibabu. Kwenye mchujo wa Marekani wa kuruka mbali alishika nafasi ya 3, ya mwisho ya kufuzu. Kisha Atlanta, akiwa na miaka 35, akaruka mita 8.50 na kutwaa dhahabu yake ya 9 ya Olimpiki. Homoni haikumpa kitu ambacho watu wengine hawana. Ilimrudishia alichopungukiwa, na mazoezi yakafanya yaliyobaki.

Mazoezi kwa mwenye tezi iliyolegea yana ugumu ambao wakufunzi wengi wa jimu hawaujui. Kabla dawa haijakolea, moyo hupiga polepole, misuli hukaza na kuuma, na maumivu ya mazoezi ya Jumatatu yanaweza kudumu hadi Alhamisi. Anayejiunga na kikundi cha jogingi wiki ya kwanza akalazimisha kilomita 10 pamoja na wenzake, mara nyingi hulala kitandani siku mbili kisha harudi tena. Huo si uvivu, na kumwita mvivu ni kumwonea.

Njia inayofaa ni kutembea. Dakika 10 au 15 kwa siku zinatosha kuanzia, kwa mwendo unaomwezesha mtu kuzungumza lakini si kuimba. Kipimo hicho cha mazungumzo kinafaa kuliko kuhesabu mapigo, kwa kuwa mapigo ya mgonjwa huyu yako chini tangu mwanzo. Kila wiki aongeze dakika chache, hadi afikie dakika 150 kwa wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima yeyote. Akisikia kifua kinabana, au moyo unakwenda mbio bila sababu, asimame na aonane na daktari.

Mazoezi ya kujenga misuli husahaulika, hasa na wanawake wanaoogopa kukomaa mwili, na inasikitisha, kwani misuli hutumia nishati hata mtu akiwa amekaa. Hayahitaji mashine. Kukaa kwenye kiti na kuinuka mara 10, kusukuma ukuta kwa mikono, kunyanyua madumu mawili ya lita 5 yaliyojaa maji: mara mbili kwa wiki, na siku za kupumzika katikati.

Kwenye chakula, kosa kubwa ni kujinyima kupita kiasi. Mwili ukinyimwa chakula hupunguza wenyewe T3 ili usimalize akiba, kwa hiyo mgonjwa anayeishi kwa tikiti maji na chai kavu anaukandamiza mwili uliokwisha kupunguza mwendo. Ni afadhali ugali upungue hadi robo ya sahani, mboga zichukue nusu, na robo iliyobaki iwe maharage, dagaa au samaki. Maharage na mboga husaidia pia choo kigumu. Soda nayo iachwe; nyingi za mililita 500 zina sukari ya karibu gramu 50. Kabichi iliyopikwa, inayosingiziwa kuidhuru tezi, haina shida kwa anayetumia dawa.

Halafu kuna chai ya maziwa ya asubuhi, ambayo huharibu matibabu ya wengi bila wao kujua. Levothairoksini, yaani kidonge cha homoni ya tezi, humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa wazi, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, kahawa au chakula. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vikae mbali nayo kwa saa 4, maana hushikana nayo tumboni na kuizuia kuingia kwenye damu. Mwezi wa Ramadhani, wengi huihamishia usiku wakati wa kulala, zikiwa zimepita saa 3 tangu kula, kwa makubaliano na daktari wao. Dawa hii hukaa mwilini siku nyingi na hupanda polepole, kwa hiyo TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, na kiasi cha kidonge hurekebishwa kwa jibu hilo, hata kama mizani bado haijasogea.