Mama wa mapasa asingoje uchungu Misisi

Hapa Misisi, mama akiambiwa tumbo lina mapasa, maneno yanaanza siku ileile. Jirani anasema lazima apasuliwe. Mama mkwe anakataa: yeye alizaa Mbuyi na Kabanga nyumbani. Bwana naye, akitoka shimoni Akyanga, anauliza kwanza sezariene ni franga ngapi.

Sisi wa sendika tunaleta jambo hili sababu wamama hawa ni wetu, wanaotwanga mawe na bibi za wachimbaji.

Tuanze na kisu. Mwaka 2013 waganga walioongozwa kutoka Toronto, Kanada, walitangaza utafiti wa wamama wa mapasa karibu 2.800 katika inchi 25. Wote, mtoto wa kwanza alikuwa ametanguliza kichwa. Nusu walipangiwa sezariene, nusu kuzaa kawaida. Watoto waliokufa ao kuumia vibaya walikuwa 2,2 kwa mia upande wa sezariene na 1,9 upande wa pili, ni kusema hakuna tofauti. Lakini tusome mpaka mwisho: kati ya waliopangiwa kuzaa kawaida, karibu 44 kwa mia walipasuliwa. Hospitali zile zilikuwa tayari kupasua.

Hapo njo kuna shida yetu. Wa kwanza anatoka, watu wanapiga vigelegele, na wa pili, sababu amepata nafasi, anaweza kulala mkingamo, ao kamba ya kitovu inamtangulia. Kutoka hapo ni dakika, si masaa. Na tumbo lililovutika sana linachoka kujikaza, damu inamwagika. Mwenye kuzalia katika kituo kisichopasua atapandishwa pikipiki wakati gani, katika matope ya barabara ya Lulimba, Fizi na Baraka?

Njo maana tunasema: mwezi wa nane ukiingia, mama ashuke, akae kwa ndugu karibu na hospitali. Mapasa wengi hawafikishi juma la 37. Wa kwanza akikaa matako ao mkingamo, waganga kwa kawaida watapasua. Akitanguliza kichwa, mama asiombe kisu kwa woga: kovu la uzazi linaweza kupasuka mimba ijayo, na barabara itakuwa ileile.

Ekografi nayo ifanywe kabla ya mwezi wa nne. Wakati ule inaonyesha vizuri kama watoto wanagawana kondo moja, na hao wanafuatwa karibu zaidi.

Mapasa wengi wanazaliwa chini ya kilo 2 na nusu. Utafiti wa 2021, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba wadogo wa kilo 1 mpaka 1,8 waliowekwa mara moja kifuani, ngozi kwa ngozi, walikufa 12 kwa mia. Wengine, karibu 16. Watoto wawili, kifua kimoja? Baba naye ana kifua.

Hata pale kuzaa kunapokuwa bure, pikipiki haiko bure. Tunajua kuchangia pampu na matanga. Sasa tunaomba likilimba ya mapasa: petroli, chakula cha majuma manne huko chini, sabuni. Ma-PDG wa mashimo watoe gramu ya kwanza.