Ziwa Lipo, Njia Hakuna

Ukishuka matatu Karagita, Naivasha, ziwa unalinusa kabla hujaliona. Upepo unaleta harufu ya tope na mafunjo, lakini mbele ya macho kuna ua wa michongoma, nyuma ya ua seng'enge, nyuma ya seng'enge waya wenye stima, na huko ndani vivungulio vya waridi vimepangwa kama mabehewa. Jumapili moja nilipanda boda boda nikaifuata barabara ya Moi South Lake huku nikihesabu mageti, hadi nikachoka kuhesabu. Kwenye geti moja askari aliniuliza kama nina chumba nilichokodi. Nilipomjibu kwamba nataka kuyaona maji tu, alinieleza kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni msikiti, kwamba hapo si njia.

Kisheria mambo ni mepesi. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inayahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma. Serikali ya kitaifa inayashikilia kwa niaba ya wananchi, na Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo msimamizi. Hakuna mwenye hatimiliki ya maji ya Naivasha. Chenye wenyewe ni ardhi inayoyazunguka, na mtu akishamiliki ukingo, kilichomo katikati hakihitaji karatasi.

Ukingo huo ulipatikanaje? Jina lenyewe, Naivasha, ni Nai'posha ya Wamaasai iliyokwama kwenye ndimi za Waingereza. Maana yake maji yenye mawimbi. Mwaka 1904, Laibon Olonana na wenzake walitia alama kwenye mkataba uliowaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa, pembeni mwa reli, ili walowezi wapate nafasi. Wengine walipelekwa Laikipia, wengine kusini. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawatoa Laikipia pia. Walipokwenda mahakamani, mwaka 1913 walijibiwa kwamba mikataba ile ilikuwa kati ya mataifa mawili, kwa hiyo si kazi ya mahakama hiyo kuisikiliza. Ni hoja ya ajabu: ulikuwa taifa kwa muda wa kutosha kunyang'anywa, si kwa muda wa kutosha kulalamika.

Kisha ikaja 1933. Ziwa hili halina tabia ya kutulia. Kuna miaka linajaa na kuna miaka linarudi nyuma kwa mamia ya mita, likiacha tope jeusi lenye rutuba ambalo halimo kwenye hati ya mtu yeyote. Serikali ya koloni iliafikiana na wenye mashamba kwamba ardhi inayofunuliwa chini ya mstari wa futi 6,210 kutoka usawa wa bahari waitumie wao, mradi wasijenge kitu cha kudumu. Basi maji yakishuka, ua unayafuata.

Mwaka huo wa 1933 hunichekesha kidogo. Mwezi Aprili 1932, mwaka mmoja tu kabla yake, mamia ya vijana kutoka Manchester, Uingereza, na viunga vyake, wengi wao wafanyakazi, walipanda kwa makusudi nyika ya Kinder Scout. Ilikuwa imefungwa ili matajiri wapate ndege wa kuwinda. Vijana watano walifungwa jela, lakini ugomvi haukuisha. Leo sheria ya Scotland ya mwaka 2003 inamruhusu yeyote kutembea kwenye sehemu kubwa ya nchi na kuingia maziwani, ilimradi asiharibu. Mwezi Mei 2025, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa ombi la wenye shamba waliotaka watu wasilale kwenye mahema Dartmoor bila idhini yao. Kwao Waingereza wanaendelea kufungua makufuli. Kufuli walilotuachia sisi bado linapakwa mafuta.

Si kwamba njia hazikutengwa. Shoroba za umma za kushukia majini, kwa ajili ya mifugo, wavuvi na wachota maji, zilichorwa tangu zamani. Nyingine zimezibwa, nyingine zimemegwa hadi zikabaki kichochoro ambacho ng'ombe wawili hawapishani. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi hifadhi za barabara, misitu na ardhi oevu zilivyogawiwa watu kwa hati zisizo halali, na anayejua jinsi njia ya umma inavyogeuka kuwa bustani ya mtu hakushangazwa na ripoti hiyo. Wakati wa kiangazi mfugaji huswaga ng'ombe wake kutwa nzima, akafika barabarani, kisha akatembea sambamba na ziwa akitafuta mwanya.

Lakini yapo yanayofika majini bila kuulizwa. Bomba la shamba la maua lina njia yake, limefukiwa vizuri, lina mita na kibali. Maji yanapanda hadi kwenye waridi, waridi linapanda ndege, na baada ya siku chache liko kwenye mnada Uholanzi. Mama wa Karagita anayelifunga waridi hilo kwenye bando hununua maji kwa mtungi.

Wenye mashamba wana hoja, na si ya kupuuzwa. Wanasema ua ndio umeyaokoa mafunjo, na kwamba mafunjo yakiisha tope la mito litaingia ziwani moja kwa moja. Wanasema twiga na pundamilia wanaoonekana kando ya maji wapo kwa sababu kuna watu waliowafungia ng'ombe na majangili nje. Naivasha imo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu tangu 1995, na sehemu ya sifa hiyo ni yao. Nakubali. Ila njia ya upana wa mita chache haiui mafunjo. Kinachoharibu ni kuwabana maelfu ya watu kwenye fukwe mbili tatu kama Kamere, ambako mashua, mifugo, wauza samaki, wafua nguo na viboko wote wanagombania mahali pamoja. Kiboko naye ana njia zake za usiku za kwenda malishoni, na hakuna aliyemwonyesha ramani mpya.

Dawa si ngeni. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaruhusu kuwekwa njia ya umma kupita kwenye ardhi ya mtu. Tunachosubiri ni mpimaji, ramani ya zamani, na ofisa asiyetetemeka simu ikilia kutoka Nairobi. Huyo wa tatu ndiye adimu.

Wakati huohuo ziwa lenyewe limeanza kupima upya. Mwaka 2009 lilikuwa limenywea vibaya. Kufikia 2020 lilikuwa limefurika hadi likaingia kwenye nyumba za mtaa wa Kihoto, likazamisha kumbi za hoteli na kuua migunga iliyosimama hadi leo majini, myeupe, imejaa minandi. Maskini wa Kihoto ndio walioumia zaidi, sitaki kuifanya hadithi hii kuwa tamu.

Jioni ya Jumapili ile, nikitoka Kamere kwa mashua, nahodha alipunguza mwendo katikati ya migunga iliyokufa. Aliinua injini isinase waya, akashika kasia. Chini yetu, alinionyesha kwa kidole, kulikuwa na ua. Vichwa vya nguzo vilichungulia hapa na pale, kila kimoja na ndege wake. Kibanda cha askari kilikuwa kimehamishiwa juu kidogo, penye ukavu, na mwenyewe alikuwa mlangoni akitutazama tukipita.