Karatasi nne, hesabu moja: Wauza mahindi Mpanda wanavyoweza kukwepa hasara

MFANYABIASHARA wa Mpanda anayepeleka mahindi Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hubeba karatasi kadhaa: ankara ya awali, ankara kamili, orodha ya mizigo na hati ya makabidhiano, mbali na vyeti vya serikali. Bandari ya Karema ilikamilika mwaka 2022, na mwaka huo huo Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Njia imefunguka, lakini karatasi hazikupungua.

Mazoea ni kuchapa kila karatasi peke yake, na hapo ndipo hasara huanzia. Chukulia mzigo wa magunia 300 ya kilo 100, kwa bei ya mfano ya Sh. 600 kwa kilo. Thamani yake ni Sh. milioni 18. Ankara ikisema magunia 330 na orodha ya mizigo 300, tofauti ni Sh. milioni 1.8. Mnunuzi atazuia malipo mpaka ukweli ujulikane, huku mkopo wa benki ukizaa riba.

Chanzo kimoja

Tiba yake ni kuandika taarifa za mzigo mara moja tu, katika faili moja, kisha kuiachia kompyuta itoe karatasi zote kutoka humo. Kazi hiyo ina hatua tatu. Kwanza ni chanzo: jina la mnunuzi, idadi, uzito na bei. Pili ni violezo, yaani sura ya kila karatasi. Kwa Kalemie kiolezo kinaweza kuwa cha Kifaransa, lugha rasmi ya Kongo, na tarakimu zikabaki zile zile. Tatu ni ukaguzi: je, idadi mara uzito mara bei inatoa jumla iliyoandikwa? Kuna nafasi iliyoachwa wazi?

Programu za kazi hii zipo. Pandoc, iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, profesa wa falsafa nchini Marekani, hutolewa bure. Hugeuza maandishi yale yale kuwa faili la Word, ukurasa wa intaneti au, ikisaidiwa na programu ya kupanga kurasa, PDF. Haikagui hesabu, kazi hiyo hubaki kwa jedwali la kawaida kama Excel.

Mipaka yake

Hata hivyo, chanzo kikikosewa, karatasi zote hukosewa kwa pamoja, tena zikikubaliana. Kwa hiyo mtu wa pili lazima asome chanzo akilinganisha na karatasi ya mizani. Aidha, PDF, iliyobuniwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, huhifadhi sura ya karatasi, si ukweli wake. Wala ankara ya kompyuta haichukui nafasi ya risiti ya mashine ya EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010.

Kwa mwekezaji mdogo anayechangia mtaji wa mzigo, somo ni jepesi. Kabla ya kutoa fedha, aombe karatasi zote kwa pamoja na kulinganisha mambo manne: jina la mnunuzi, idadi ya magunia, uzito na jumla ya fedha. Moja likipishana, fedha zibaki mfukoni mpaka lirekebishwe.