Bamvua la Paje kwenye grafu ya Duluth

Mpwa wangu ana miaka 16 na anaishi Duluth, jimbo la Minnesota, Marekani. Dirisha la kwao linatazama Ziwa Superior, ziwa lisilojua bamvua wala maji mafu: kujaa na kupwa kwake hakufiki sentimita 5. Huko ndiko alikosomea sayansi ya bahari, peke yake, kwa intaneti, ili shule imhesabie nusu krediti.

Shule nyingi za Marekani huhesabu krediti moja kwa takriban saa 120 za masomo. Nusu yake ni saa 60, na hakuna kengele wala mwalimu wa kukuita jina. Wiki ya tatu alikwama, zikapita siku tisa hajafungua somo. Mama yake akaihamishia kompyuta jikoni.

Jikoni ndiko somo lilikochangamka. Alijaza bakuli la kioo maji ya uvuguvugu, kisha akamimina taratibu pembeni maji baridi ya chumvi aliyoyatia rangi ya bluu. Yale ya bluu yakazama moja kwa moja, yakatambaa chini kama moshi. Ndivyo maji baridi na mazito yanavyozama karibu na Greenland na Antaktika, na kuanza safari ya karne nyingi kwenye vilindi.

Kazi ya mwisho ilitaka vipimo halisi. Chuo Kikuu cha Hawaii hukusanya vipimo vya usawa wa bahari kutoka bandari nyingi duniani, Zanzibar ikiwemo, na kuvitoa bure. Akachora mwezi mzima: vilima viwili kila siku, vikirefuka kila mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani wakati wa bamvua. Kisha akampigia simu bibi yake, mkulima wa mwani huko Paje, Zanzibar.

“Shikamoo bibi. Bamvua maji hukauka saa moja asubuhi, sivyo?”

“Marahaba. Saa moja? Saa moja bado yako kiunoni, mjukuu wangu. Sisi bamvua tunashuka pwani saa nne.”

Alirudi kwenye grafu. Vipimo vile viliandikwa kwa saa za Greenwich, naye alisahau kuongeza saa tatu. Bibi hajawahi kuona grafu ile, lakini ndiye aliyeisahihisha.

Wakaendelea kuongea. Bibi akamweleza jinsi kotonii, mwani wenye bei nzuri, unavyooza maji yakipata joto, hata wakulima wengi wakabaki na spinosamu ya bei ndogo. Mpwa wangu aliyaweka hayo ukurasa wa mwisho wa ripoti. Mimi ningeyaweka ukurasa wa kwanza, maana joto la bahari alikuwa amelisoma kwa namba tu, na sasa alikuwa na mtu wake mwenyewe anayelipia.

Alimaliza kwa alama nzuri, kisha shule ikasita kuzihesabu kwa sababu hakuna aliyeomba kibali mapema. Mama yake alifuatilia wiki tano mpaka nusu krediti ikaandikwa. Mzazi, kabla mwanao hajaanza kozi ya namna hii, nenda shuleni upate kibali kwa maandishi. Na kama kuna mzee wa pwani katika ukoo wenu, mpe mtoto namba yake ya simu siku hiyohiyo.